Je, wajua kwa nini mashabiki wa hoki ya barafu bado wanaililia miaka ya 1980?

Tarehe 22 Novemba 2003, watu 57,167 waliingia kwenye uwanja wa wazi wa Commonwealth mjini Edmonton, magharibi mwa Kanada, wakakaa kwenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Siku hiyo kulikuwa na mechi ya ligi, Edmonton Oilers dhidi ya Montreal Canadiens. Lakini kabla yake ilipangwa nyingine, na wengi walifuata hiyo: mechi ya wakongwe wa timu hizo mbili. Wayne Gretzky, nyota wa Oilers wa miaka ya 1980, alikuwa na miaka 42 na alishatundika viatu tangu 1999. Guy Lafleur wa Montreal alikuwa na miaka 52. Mark Messier bado aliichezea New York Rangers, kwa hiyo ilibidi apewe ruhusa maalumu ili avae tena jezi ya Oilers kwa siku moja. Wakongwe wa Edmonton walishinda 2–0, ingawa nadhani wangefungwa pia watu wangerudi nyumbani wameridhika.

Nani anakubali kuganda hivyo kwa ajili ya wastaafu?

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu huusifia ujana wake, na kuna ukweli ndani yake. Wanasaikolojia wameona mara nyingi kwamba mtu mzima akiombwa kusimulia maisha yake, kumbukumbu nyingi humjia kutoka umri wa miaka 10 hadi 30 hivi. Ndiyo maana mzee wa Toronto atakusimulia zama za timu sita, kuanzia 1942 hadi 1967, wakati NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, ilikuwa na Montreal, Toronto, Boston, Chicago, Detroit na New York tu. Ana sababu ya ziada: Toronto Maple Leafs walibeba Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, 1967, na tangu hapo hawajaligusa. Mwenye miaka arobaini na kitu atakutajia jinsi Detroit na Colorado walivyotwangana Machi 1997 hadi makipa wakashikana. Kila rika na dhahabu yake.

Hata hivyo miaka ya 1980 ni kesi ya pekee, kwa sababu hapo nostalgia, yaani kuililia zamani, ina ushahidi wa namba. Msimu wa 1981–82, mechi moja ya NHL ilizaa wastani wa mabao 8, timu zote mbili zikijumlishwa. Kufikia 2003–04, msimu wa ile mechi ya baridi, wastani ulikuwa umeporomoka hadi 5 na kidogo. Kwa hiyo shabiki anayesema mchezo ulipungua utamu hasemi tu kwa sababu nywele zimeota mvi. Kuna mabao matatu kwa kila mechi ambayo kweli yalipotea, na swali zuri ni yalikwenda wapi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu (Nairobi wapo waliouonja kwenye barafu ya hoteli ya Panari, ambako timu ya Ice Lions ilianzia): wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, wanateleza juu ya barafu yenye urefu wa mita 61 hivi. Wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu, gramu 170 hivi, kwa magongo. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Nyuma ya goli kuna nafasi ya kucheza, tofauti na soka, na bao moja linaweza kuwapa pointi watu watatu: mfungaji na hadi wawili waliompasia kabla yake.

Hiyo nafasi ya nyuma ya goli watu waliita ofisi ya Gretzky. Alikuwa mwembamba, si wa kutisha kwa mbio wala kwa mkwaju. Alichofanya ni kuchukua kisahani na kwenda kusimama nyuma ya wavu. Beki akimfuata kutoka kushoto, yeye hutokea kulia. Wasipomfuata, anasubiri. Kipa inambidi ageuze shingo kumwangalia aliye nyuma yake, na hapo hamuoni tena Jari Kurri, Mfini aliyekuwa anajongea mbele ya goli gongo likiwa tayari. Pasi fupi, na kisahani kimo wavuni kabla kipa hajageuka. Ukitazama video zake leo unachoshangaa ni muda aliokuwa nao. Sekunde mbili, wakati mwingine tatu, hakuna anayemgusa.

Matokeo yake hadi leo yanasomeka kama kosa la uchapaji. Mabao 92 msimu wa 1981–82. Mabao 50 katika mechi 39 za kwanza za msimu huohuo, matano ya mwisho akiyafunga usiku mmoja dhidi ya Philadelphia, tarehe 30 Desemba 1981. Pointi 215 msimu wa 1985–86. Alimaliza na mabao 894 na pasi za mabao 1,963. Mfutie mabao yote, pasi peke yake bado zinampa pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuchezea ligi hiyo. Rekodi ya mabao ilidumu hadi tarehe 6 Aprili 2025, Alex Ovechkin alipofunga la 895. Ya pointi sioni wa kuisogelea.

Hakuwa peke yake. Oilers wa 1983–84 walifunga mabao 446 katika mechi 80, na walivuka 400 misimu mitano mfululizo. Beki wao Paul Coffey alifunga 48 msimu mmoja, idadi ambayo washambuliaji wengi wa leo wangeipigia magoti. Kati ya 1984 na 1990 walibeba kombe mara tano. Ligi ilifika mahali ikabadilisha sheria. Mchezaji mmoja wa kila timu walipotolewa nje pamoja, timu zilikuwa zinacheza wanne kwa wanne bila kuhesabu makipa, na kwenye nafasi hiyo Edmonton walikuwa wanachinja. Mwaka 1985 ikaamuliwa waingie wachezaji wa akiba ili wabaki watano kwa watano. Sheria ya zamani ilirudi 1992, Gretzky akiwa ameshahama kitambo.

Sasa turudi kwa yale mabao matatu. Mshukiwa wa kwanza ni golikipa.

Kipa wa 1982 alivaa pedi za ngozi zilizojazwa nywele za kulungu. Zililowa jasho na maji ya barafu, na kufikia kipindi cha tatu, yaani cha mwisho, zilikuwa mzigo. Wengi walicheza wamesimama, wakipiga teke kila kisahani kilichokuja chini. Mtindo wa kusimama ulikuwa urithi wa enzi ambazo makipa hawakufunika uso kabisa: kushusha kichwa kwenye usawa wa kisahani ilikuwa kujitafutia mishono. Jacques Plante wa Montreal ndiye aliyeigeuza barakoa kuwa kitu cha kawaida, tarehe 1 Novemba 1959, baada ya kupigwa usoni mjini New York, kushonwa, na kugoma kurudi uwanjani bila hiyo. Hata baada ya uso kuwa salama, mazoea ya miguu yalichukua miongo kubadilika.

Kisha 1986 akaja kijana wa miaka 20, Patrick Roy, akaipa Montreal kombe na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Roy alishuka magotini, miguu ikipanuka kushoto na kulia kama mbawa, akiziba chini yote ya goli na kumwachia mpigaji pembe za juu tu. Hakuwa wa kwanza kushuka hivyo, lakini baada yake kila mtoto wa Quebec aliyetaka kuwa kipa alifundishwa hivyo, kwa hesabu za pembe na hatua. Vifaa vikawa vyepesi, vikubwa na visivyonyonya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipa wa kawaida alizuia mikwaju 87 kati ya 100. Miaka ya 2010 alizuia 91. Inaonekana tofauti ndogo, lakini ihesabu kwa upande wa mfungaji: kutoka mabao 13 hadi 9, karibu theluthi imeyeyuka.

Mshukiwa wa pili ni makocha. Mwaka 1995 New Jersey Devils ya kocha Jacques Lemaire ilibeba kombe kwa kuwashinda Detroit, timu tishio ya msimu huo, mechi nne kwa sifuri kwenye fainali, na Detroit wakaambulia mabao saba katika mechi hizo zote. Mbinu yao shabiki wa soka angeitambua mara moja: kupaki basi, ila basi lenyewe lilipakiwa katikati ya uwanja. Mpinzani anaachwa atoke na kisahani kwake, anasukumwa kwenda pembeni, halafu anabanwa kwenye ubao unaouzunguka uwanja. Timu isiyo na nyota ikagundua inaweza kuwazima wenye nyota. Ndani ya miaka michache nusu ya ligi ilikuwa inacheza hivyo, mabeki wakiwavuta washambuliaji kwa magongo na marefa wakitazama pembeni. Ongeza na kupokezana: zamani mchezaji alikaa kwenye barafu dakika nzima na zaidi, akachoka, akaacha mwanya. Leo ni sekunde 45 hivi, kisha anaingia mwingine mwenye pumzi mpya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wa Edmonton. Wanasema wachezaji wa siku hizi hawana ufundi. Naona ni kinyume. Beki wa akiba wa leo anateleza vizuri kuliko mabeki wengi wa 1983, na mikwaju mingi ya mbali iliyozaa mabao wakati ule ingeokolewa leo na kipa wa ligi za chini. Kilichopotea ni makosa. Mchezo wa miaka ya 1980 ulijaa makosa ya kila aina, na nyota waliishi humo. Shabiki anasema anaikumbuka sanaa ya Gretzky, lakini anakumbuka pia, bila kujua, yule beki aliyemwacha peke yake sekunde tatu.

Na makosa hayakuwa ya wadogo tu. Aprili 1986, mechi ya saba na ya mwisho ya mtoano dhidi ya majirani zao Calgary Flames, matokeo yakiwa 2–2, beki kijana wa Oilers Steve Smith alitoa pasi kutoka pembeni mwa goli lake. Ikamgonga kipa wake, Grant Fuhr, mguuni na kuingia. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Smith. Edmonton wakatolewa. Mwaka uliofuata walibeba kombe, na Gretzky, nahodha, alipolipokea mtu wa kwanza aliyemkabidhi alikuwa Smith. Ukimuuliza shabiki wa Oilers wa umri ule, kuna uwezekano mkubwa akakusimulia hili kabla ya zile pointi 215.

Nostalgia pia inahitaji msiba, na hoki ilikuwa na misiba ya kutosha. Tarehe 9 Agosti 1988 mmiliki wa Oilers, Peter Pocklington, alimuuza Gretzky kwa Los Angeles Kings, katika mpango uliojumuisha dola milioni 15. Gretzky alilia mbele ya waandishi. Mbunge mmoja, Nelson Riis, aliitaka serikali ya Kanada izuie mauzo hayo. Miaka michache baadaye timu zenyewe zilianza kuhama: Quebec Nordiques wakaenda Colorado 1995 na kubeba kombe msimu wa kwanza tu huko, Winnipeg Jets wakaenda Arizona 1996, Hartford Whalers wakaenda North Carolina 1997.

Hao Hartford wanastahili kutazamwa peke yao. Katika NHL walishinda mfululizo mmoja tu wa mtoano, mwaka 1986. Kombe hawakulikaribia. Lakini nembo yao, herufi W ya kijani chini, mkia wa nyangumi wa buluu juu, na herufi H ikijitokeza yenyewe kwenye uwazi katikati, bado inauzwa kwenye kofia na fulana, na tangu 2018 timu ya Carolina iliyowarithi huivaa jezi yao ya kijani mara kwa mara. Watu wa Hartford wana maoni yao kuhusu hilo, si yote ya kuchapishwa.

Yapo pia ambayo kumbukumbu huyapitia haraka. Hadi 1979 kofia ngumu haikuwa lazima, na waliosaini kabla ya hapo waliruhusiwa kuendelea bila hiyo. Wa mwisho, Craig MacTavish, alistaafu 1997 kichwa wazi. Ngumi zilikuwa sehemu ya kazi, na wapo waliolipa kwa ubongo wao. Alan Eagleson, aliyekiongoza chama cha wachezaji tangu 1967 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikiri makosa ya ulaghai mwaka 1998 na kufungwa jela. Wachezaji wengi waliowafurahisha watu miaka hiyo walikuwa wanaibiwa na mtu wao wenyewe.

Ligi ilisikia kilio. Msimu wa 2004–05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, na waliporudi walilegeza sheria za pasi ndefu, wakapunguza vifaa vya makipa na kuwaamuru marefa waadhibu kila kuvutana. Mabao yamepanda hadi takriban 6 kwa mechi. Edmonton wamepata nyota mwingine, Connor McDavid, aliyefikisha pointi 153 msimu wa 2022–23, nyingi kuliko za yeyote tangu Mario Lemieux mwaka 1996, na aliwafikisha fainali 2024 na 2025. Zote mbili walifungwa na Florida Panthers, timu ambayo Gretzky alipokuwa anaondoka Edmonton ilikuwa bado haijaundwa.