Odi si uwezekano

Jumamosi iliyopita, kijiweni, kijana mmoja alikuwa anawaeleza wenzake mchezo wa bakarati. Alikuwa anaujua vizuri: karata zinagawiwaje, zinahesabiwaje, kwa nini tisa ndiyo kubwa. Akafika kwenye dau la sare, yaani kubeti kwamba pande mbili za mchezo, benki na mchezaji, zitalingana. "Hapa odi ni nane kwa moja," akasema, "kwa hiyo ukicheza mara nane lazima upate moja." Wote wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa na kikombe changu cha kahawa, nikanyamaza, maana si vizuri kumkosoa mtu mbele ya wenzake. Lakini hiyo ni mara ya sita au ya saba kuisikia sentensi hiyo mwaka huu, na inagharimu watu pesa.

Uwezekano ni kipimo cha jambo kutokea: mara ngapi kati ya mara zote. Odi, kama inavyotangazwa mezani, ni ahadi ya malipo: ukipatia, dau lako litalipwa mara ngapi. Uwezekano unatoka ndani ya karata, odi inatoka kwa mwenye meza.

Mkanganyiko una asili yake. Odi tumeitoa kwenye Kiingereza, odds, na Waingereza walilipata neno hilo kwa watu wa Skandinavia wa kale. Kwao oddi ilikuwa ncha ya nchi kavu inayochomoza majini. Kutoka ncha maana ikahamia kwenye pembetatu, na kutoka pembetatu ikaenda kwenye ile pembe ya tatu isiyo na mwenzake, yaani namba isiyogawanyika kwa mbili. Sisi tunaita witiri, na kila aliyewahi kuswali witri anajua ladha ya neno hilo: rakaa moja inayosimama peke yake. Walikuwa pia na mtu waliyemwita oddamaðr, mtu wa tatu, ambaye wawili wakivutana kauli yake ndiyo inaamua. Basi odds ikawa ni ile ziada au tofauti inayoonekana ukiziweka pande mbili uso kwa uso. Mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza walikuwa tayari wanaitumia kwenye kubeti.

Naomba msomaji ashike hilo la pande mbili, kwa sababu Kiswahili kinalieleza vizuri kuliko lugha tuliyoazima. Tuna "kwa" na tuna "kati ya". Timu ikishinda tatu kwa moja, hakuna shabiki anayedhani moja hiyo ni theluthi ya mabao. Anaona timu mbili zinatazamana, huku tatu, huku moja. Mabao ni manne, na aliyefungwa amefunga moja kati ya manne. Kila mtu uwanjani anajua hivyo bila kufundishwa. Kwenye meza ya karata akili hiyo hiyo inapotea.

Chukua karata 52, uzichanganye, ufunue moja. Shupaza ni 13. Uwezekano wa kufunua shupaza ni 13 kati ya 52, yaani 1 kati ya 4. Ukitaka kulisema jambo hilo kwa pande mbili, kopa, uru na pau ziko upande mmoja, shupaza upande wa pili: tatu kwa moja. Tatu kwa moja na moja kati ya nne ni habari ile ile, na mwenye meza akikulipa 3,000 juu ya dau lako la 1,000 kila shupaza ikitoka, mnacheza sawa kwa sawa. Hapo odi na uwezekano vinakutana. (Majina hayo ya karata, kwa njia, ni ya Wareno: espadas zao ni panga, copas vikombe, ouros dhahabu, paus magongo. Karata yenyewe ni cartas, na turufu ni trunfo. Tumecheza karata miaka mingi sana kabla ya kasino ya kwanza kufunguliwa huku, na wazee wa mchezo wa wahedusitini wanaohesabu kichwani turufu zilizokwisha kutoka wanajua uwezekano vizuri, hata kama hawalitaji neno.)

Sasa, kasino hailipi sawa kwa sawa. Ingelipa hivyo isingepata pesa ya umeme. Inalipa pungufu kidogo ya uwezekano halisi, na pengo hilo ndilo riziki yake. Mfano ninaoupenda ni mchezo wa ishirini na moja, blakijeki. Ukigawiwa karata mbili tu, ree na yenye thamani ya kumi, umepata blakijeki. Kwa seti moja ya karata 52 hilo hutokea takriban mara 1 katika migao 21. Meza za zamani zinalipa 3 kwa 2: dau la 10,000 linakupa 15,000. Meza nyingi za siku hizi zimeandikwa 6 kwa 5, na nimemwona mtu mzima akiifurahia kwa sababu sita ni kubwa kuliko tatu. Piga hesabu: 10,000 inakupa 12,000. Umepoteza 3,000 kila mara unapobahatika, na ukizitawanya kwenye migao yote ni kama shilingi 140 katika kila dau la 10,000.

Lakini tazama kilichobadilika pale mezani. Ree ni nne kama jana, wazungu wa karata ni walewale 12, makumi ni manne. Mara 1 katika 21 iko palepale. Kilichoguswa ni kibao cha malipo. Kama odi ingekuwa ndiyo uwezekano, mtu asingeweza kubadilisha moja akaacha nyingine.

Turudi kwa kijana wa bakarati. Sare hutokea takriban mara 95 katika migao 1,000. Kwa pande mbili, ni kama tisa na nusu kwa moja. Kasino inalipa nane kwa moja. Weka 1,000 kwenye sare mara 1,000, jumla milioni moja, na kwa wastani utaondoka umepungukiwa takriban 144,000. Pesa hiyo hiyo ukiiweka upande wa benki, kwenye meza inayokata asilimia 5 ya ushindi, upungufu wa wastani ni kama 10,600. Meza ni moja, karata ni zile zile, na dau lenye odi kubwa ndilo linalomla mchezaji zaidi ya mara 13.

Na hata kama kasino ingekuwa inalipa haki, nane kwa moja ingemaanisha 1 kati ya 9, si kati ya 8. Halafu lile "lazima" alilolisema: jambo lenye uwezekano wa 1 kati ya 8, wakilijaribu watu wengi mara nane kila mmoja, karibu theluthi yao hawatalipata hata mara moja.

Nadhani wengi wetu tumepotoshwa na mkeka, ile orodha ya mechi tunazobetia. Kwenye mkeka wa mpira, odi 2.50 ina maana 1,000 yako inarudi 2,500, na ndani ya hizo imo 1,000 yako mwenyewe. Kwenye meza ya karata, 2 kwa 1 ni faida tupu: unapewa 2,000 na dau lako linabaki lako. Kwa lugha ya mkeka hiyo ni 3.00. Anayehama kutoka mkeka kwenda mezani anabeba namba bila kubeba maana yake.

Kuna wanaoongeza neno la tatu na kusema odi ni bahati yako. Hapa Kiswahili kinatutetea tena. Bahati ni neno la Kiajemi lenye asili ya kitu kilichogawiwa, na nasibu ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu. Yote mawili yanazungumzia kile ulichopewa wewe, leo, bila kuulizwa. Odi imeandikwa kwenye kitambaa cha meza kabla hujaingia mlangoni, na inamhusu kila atakayekaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukirudi kijiweni usiseme odi ya sare ni nane kwa moja halafu ukaishia kwenye mara nane. Sema kasino inalipa nane kwa moja. Hilo ni kweli, na likisemwa hivyo, mmoja wa wale wanaokusikiliza atauliza: na inatokea mara ngapi?