Kabla Mwanafunzi wa Ubunifu Hajaweka Bei kwenye Kazi Yake

Nafundisha ubunifu wa mapambo ya mavazi: hereni, mikufu, bangili, mikanda na mikoba. Wanafunzi wangu huonyesha kazi zao mbele ya watu na kuziuza wenyewe, na jambo ninalowasisitizia kabla hawajashika penseli ni kwamba kitu cha kutazamwa na kitu cha kuuzwa hupimwa kwa mizani tofauti. Cha kuuzwa kitavaliwa. Kitalowa jasho, kitanasa kwenye nguo, mtoto atakivuta, na aliyekilipia ana haki ya kurudi kuuliza kwa nini kimekatika.

Kwa hiyo huwa naanza na sehemu ambazo hakuna anayezipiga picha. Chukua hereni ya kuning'inia. Mwanafunzi anahangaika na mpangilio wa shanga mpaka usiku, halafu anamalizia kwa ndoana yoyote aliyoikuta kwenye droo ya karakana. Ndoana hiyo ndiyo inayopita kwenye sikio la mtu. Ikiwa inatoa nikeli na mvaaji ana mzio, sikio litawasha na kuvimba, na hereni haitavaliwa tena hata ingekuwa nzuri namna gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kitu kinachoingia kwenye tundu la sikio kisitoe nikeli zaidi ya maikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa bangili au saa inayokaa kwenye ngozi muda mrefu, kikomo ni 0.5. Mimi huwashauri watumie titani, au fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha na iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Dhahabu nyeupe iulizwe vizuri kwa muuzaji, maana iko inayochanganywa na nikeli. Shaba yenyewe inafaa sana kwa bangili, ila ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani mkononi. Rangi hiyo husafishika kwa maji na sabuni, lakini mnunuzi aambiwe mapema, asije akaigundua nyumbani.

Kisha kuna kile kipete kidogo kinachounganisha ndoana na pambo. Hufunguliwa kwa koleo mbili, ncha moja ikisukumwa mbele na nyingine nyuma. Ukizivuta ncha ziachane kulia na kushoto, duara linapotea na halirudi sawasawa tena. Ukishakifunga, kiinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya kwenye kiungo, mnyororo mwembamba nao utapenya. Huo ni ukaguzi wa sekunde chache, na umeokoa kazi nyingi kuliko mhadhara wowote ninaoujua.

Kwa mikoba ya ngozi, macho yangu huenda moja kwa moja pale mkanda wa begani unaposhikana na mwili wa mkoba. Toboa matundu kwa msharasi, kisha shona kwa uzi mmoja uliopakwa nta na wenye sindano pande zote mbili, kila sindano ikipita tundu lile lile kutoka upande wake. Mshono wa namna hii ukikatika sehemu moja, uzi wa upande wa pili bado unashikilia. Baada ya hapo jaza mkoba vitabu, uuning'inize usiku kucha. Kama tundu limevutika kufikia asubuhi, bado haujawa tayari kwa meza ya mauzo.

Wapo wanaoona aibu kuuza, wakidhani biashara inashusha hadhi ya ubunifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani iliyoanzishwa katika mji wa Weimar mwaka 1919, ilifungua kampuni yake mwaka 1925 ili kuuza bidhaa na miundo iliyotoka kwenye karakana zake, na heshima yake katika historia ya ubunifu haikupungua.

Tatizo kubwa liko kwenye bei. Wanafunzi wengi huhesabu malighafi na kusahau saa zao. Tuseme, kwa sarafu yoyote unayotumia, malighafi ya mkufu ni 10. Umeufanyia kazi saa 3, ukijilipa 8 kwa kila saa: hiyo ni 24. Ongeza 4 za vifungashio, umeme na vifaa vinavyochakaa. Gharama imefika 38. Weka faida ya 12, bei ni 50. Sasa ukumbi unakouzia unachukua kamisheni ya asilimia 30 ya bei. Katika 50 unakatwa 15, unabaki na 35, chini ya gharama yako mwenyewe! Hapo wengi hukimbilia kuongeza asilimia 30, bei ikawa 65. Lakini asilimia 30 ya 65 ni 19.5, kwa hiyo unabaki na 45.5. Njia sahihi ni kugawanya 50 kwa 0.7, unapata kama 71. Na ukiona hakuna atakayelipa 71, usijipunje ujira: rudi kwenye muundo utafute hatua inayokula muda bila kuonekana.

Kuhusu meza sina mengi. Bei iandikwe ionekane, kwa sababu watu wengi huona haya kuuliza na hujiondokea kimya kimya. Kioo kiwepo, kwenye urefu wa uso. Taa ya manjano sana huifanya fedha ifanane na shaba, basi tafuta taa nyeupe yenye CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu, ya 90 au zaidi. Leta miundo michache yenye undugu, kila mmoja kwa rangi au vipimo kadhaa. Vitu ishirini visivyohusiana humchosha mtazamaji.

Na usimwanzie mteja na hadithi ya ulikotoa wazo. Mwache ashike, ajaribu, ajitazame. Andika kwenye daftari kila kitu kilichoshikwa kikarudishwa, pamoja na sababu kama ameitaja: kizito, kirefu, kinakwaruza. Chini ya meza weka koleo mbili, ndoana za akiba, vipete na uzi. Mteja akisema hereni ni ndefu kwake, unaifupisha pale pale.