RAID si bekapu, hata diski zikiwa nne

"Picha zangu ziko salama, NAS ina diski mbili." Kauli hii imeshakuwa kama salamu kwa watu wanaonunua kifaa cha kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima. Ukiwauliza nakala nyingine iko wapi, wanakuonyesha kifaa kile kile kwa kidole. Ndiyo maana naandika.

NAS ni kisanduku chenye diski moja au zaidi, kinachounganishwa na ruta kwa kebo ili simu, kompyuta na televisheni za nyumbani zisome na kuandika mafaili mahali pamoja. Ndani yake mna kompyuta ndogo, mara nyingi inaendeshwa na Linux, inayogawa folda kwa itifaki ya SMB au NFS. RAID ni namna ya kupanga diski kadhaa zifanye kazi kama diski moja. Bekapu, au nakala rudufu, ni nakala ya pili ya data zako iliyotengana na ile ya kwanza, kiasi kwamba kinachoipata ile ya kwanza leo hakiigusi ya pili. Tafsiri zinaishia hapo. Kinachowachanganya watu ni kwamba RAID na bekapu zote mbili hufanya kitu kimoja kikae kwenye diski zaidi ya moja, basi wanaona ni mamoja.

Twende kwenye chanzo, maana chanzo kinaeleza karibu kila kitu. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko la kutetea wazo moja: badala ya kununua diski moja kubwa ya kompyuta kuu, iliyokuwa ghali mno, chukua diski nyingi ndogo za kompyuta binafsi uzifunge pamoja. Mfano wao wa diski kubwa ulikuwa IBM 3380. Diski ndogo zilikuwa rahisi, hazikula umeme mwingi, na kwa kuwa zilisoma kwa pamoja, zingekwenda kasi zaidi. Hesabu ilikubali, isipokuwa mahali pamoja. Ukiwa na diski mia badala ya moja, uwezekano wa mojawapo kufa wiki hii unapanda vibaya sana, na ikifa moja, mfumo mzima umelala.

Hapo ndipo ziada ilipoingia. Herufi ya R katika RAID (kwa Kiingereza, redundant) ni hiyo ziada: sehemu ya nafasi inatengwa ili diski moja ikifa, nyingine ziendelee na kazi. Ziada hiyo iliwekwa kutibu ugonjwa ulioletwa na wazo lenyewe, yaani wingi wa diski. Hakuna aliyedai kwamba itakurudishia faili ulilolifuta jana. Andiko lile lilipanga ngazi, yaani namna tofauti za kuipanga ziada hiyo, kuanzia 1 hadi 5. Ile inayoitwa RAID 0 ilipewa jina baadaye na haina ziada yoyote. Diski moja ikifa, umepoteza vyote. Kwa maneno mengine, ni RAID isiyo na R, na bado kuna watu wanaiwasha nyumbani kwa sababu menyu iliwaahidi kasi.

Kuna kichekesho kingine kwenye jina hilo. Herufi ya I mwanzoni ilisimama kwa "bei nafuu" (inexpensive). Baadaye kampuni zilipoanza kuuza mifumo ya RAID kwa bei isiyo na unafuu wowote, I ikageuzwa maana, ikawa "zinazojitegemea" (independent). Kila mtu amesahau neno la kwanza.

Sasa tuone ziada inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaiona huwezi tena kuiita bekapu. Chukua RAID 5 yenye diski tatu. Diski ya kwanza imeandikwa 1, ya pili 0. Ya tatu haiandikwi nakala ya yeyote. Inaandikwa jawabu la hesabu: kama tarakimu mbili zinatofautiana, andika 1, zikifanana, andika 0. Hapa zinatofautiana, kwa hiyo inaandikwa 1. Diski ya pili ikifa, kifaa kinatazama 1 ya kwanza na 1 ya jawabu, kinajiambia: jawabu ni 1, maana yake zilitofautiana, basi iliyopotea ilikuwa 0. Mambo yanaendelea, wewe unaona taa ya chungwa na kusikia mlio wa kukera. (Kwenye RAID 5 halisi majawabu husambazwa kwenye diski zote, hayarundikwi kwenye moja, ila hesabu ni hiyo hiyo.)

Angalia kwamba hesabu hii inafanyika upya kila kitu kinapoandikwa. Ukibadilisha ile 0 iwe 1, jawabu nalo linabadilika papo hapo kuwa 0. Mfumo hauna habari kama umebadilisha kwa makusudi, kwa kupitiwa, au mtoto ameshika rimoti. Kazi yake ni kuhakikisha diski zote zinakubaliana kuhusu hali ya sasa hivi.

RAID 1, ile ya diski mbili ambayo ndiyo ipo kwenye visanduku vingi vya nyumbani, ni rahisi zaidi. Kila kinachoandikwa kwenye diski A kinaandikwa kwenye B. Wataalamu huiita kioo, na wamepatia kuliko walivyokusudia: ukinyoa ndevu, kioo hakikuonyeshi sura ya jana. Ukifuta folda ya picha za harusi, amri ya kufuta inakwenda kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, na diski zote mbili zinatii. Kilichopona ni kifaa chenye afya tele, ila hakina picha.

Na si kufuta tu. Mwezi Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital walikuta data zao zimefutwa. Vifaa hivyo, ambavyo masasisho yake ya mwisho yalitoka 2015, vilikuwa wazi kwenye intaneti, na washambuliaji walivirudisha kwenye hali ya kiwandani kutoka mbali. Miongoni mwa vilivyokumbwa lilikuwemo toleo la Duo, lenye diski mbili. Diski ya pili haikuwa na msaada wowote, kwa sababu hakuna diski iliyokufa. Mwaka uliofuata, kuanzia Januari 2022, programu ya kudai fidia iitwayo DeadBolt iliingia kwenye NAS za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, ikafunga mafaili na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye kifaa. RAID ikalinda kwa uaminifu mkubwa mafaili yaliyofungwa.

Ndiyo maana kwenye kusimika NAS nyumbani, kabla hata ya kufikiria ngazi ya RAID, ningeanza na ruta. Zima UPnP ili kifaa kisijifungulie milango ya kuingilia kutoka nje. Kitengee anwani ya IP isiyobadilika ili televisheni isikipoteze kila umeme unapokatika. Ukitaka kukifikia ukiwa nje, pitia VPN, njia iliyofungwa inayokuingiza kwenye mtandao wa nyumbani. Kamera na balbu janja ziweke kwenye Wi-Fi ya wageni, kama ruta yako inatenganisha wageni na mtandao mkuu, kwa sababu kamera haina shughuli na folda ya vyeti.

RAID ina kazi yake, na siipuuzi. Diski hufa. Diski ya terabaiti 4 ikifa kwenye RAID 1 ukaweka mpya, kifaa kinakopi kila kitu kutoka kwenye iliyobaki. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, na wakati wote huo watu wa nyumbani wanaendelea kutazama filamu bila kujua. Bila RAID, kifaa kingezima na wewe ungekaa siku nzima unarejesha. Kwa ofisi ambayo saa moja ya kulala ni hasara, hilo ni jambo kubwa. Kwa nyumba, nauliza: filamu ikikosekana jioni moja, nani ataumia?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Kama una fedha ya diski mbili tu, usizifunge pamoja kama kioo. Weka moja ndani ya NAS. Ya pili itie kwenye kasha la USB, ikopie kila wiki kwa programu inayotunza matoleo ya nyuma, kisha ichomoe na uiweke nyumba nyingine au angalau mbali na kisanduku. Diski ya ndani ikifa, utapoteza kazi ya siku chache. Ukifuta kwa bahati mbaya, mwizi akibeba kisanduku, au kirusi kikafunga mafaili, bado utakuwa na kitu mkononi. Diski hiyo hiyo ikiwa ndani kama kioo, ingekusaidia katika tukio moja tu kati ya hayo manne. Na kuichomoa si urembo: diski ya USB inayokaa imechomekwa mwaka mzima hufungwa na kirusi pamoja na nyingine.

Ndugu wa karibu wa kosa hili ni kusawazisha. Simu inayosawazisha picha na NAS au na hifadhi ya wingu huonekana kama inafanya bekapu, lakini kama imepangwa kufuata pande zote mbili, ukifuta kwenye simu, na kule zinafutwa. Katika mipangilio tafuta ile ya kupakia tu, upande mmoja. Zile picha za hali (snapshot), yaani kumbukumbu ya jinsi mafaili yalivyokuwa wakati fulani, ambazo mifumo ya faili kama Btrfs na ZFS huzichukua kila saa ni hatua nzuri kweli, kwa sababu zinakumbuka jana. Faili ulilolifuta saa nne asubuhi utalipata kwenye picha ya saa tatu. Ila zimekaa kwenye diski zile zile, ndani ya kisanduku kile kile, na maji yakimwagika zinalowa pamoja.

Kanuni inayonukuliwa sana kuhusu haya ni ya 3-2-1, ambayo huhusishwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Wengi wanapoihesabu, huhesabu diski za RAID kama nakala mbili. Hazihesabiwi hivyo. Kisanduku kizima, kiwe na diski mbili au nane, ni nakala moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana bekapu kwa sababu NAS yake ina diski mbili, usimcheke, kifaa chenyewe kimeuziwa kwake kwa lugha hiyo. Mwambie alichonacho kinaitwa RAID 1, na ni kitu kizuri. Kisha mwombe afute faili moja lisilo na maana, amwage na pipa la taka la NAS, halafu alirudishe.