Ea fraya haikaangi, ila sio kwa sababu unayoidhani

Jamani hili neno kukaanga linateswa. Juzi nimesikia tena mtu anaelekeza wenzake namna ya "kukaanga matango ya siki kwenye ea fraya", yale ya kwenye chupa, unayakata vipande vya duara unayapaka unga na chenga za mkate mpaka yawe krispi. Mwingine akadakia hapo hapo, eti huko sio kukaanga kwa sababu hakuna mafuta. Sasa mimi huyu wa pili ndo kaniudhi zaidi, maana jibu lake ni sahihi afu sababu yake sio.

Ea fraya ni oveni ndogo, ina waya wa moto juu na feni inayosukuma hewa izunguke chakula kwenye kikapu chenye matundu, basi. Hiyo ni kuoka. Na wala sio mambo mapya, Mmarekani William Maxson mwaka 1945 alishakuwa na oveni yake ya feni ya kupashia chakula ndani ya ndege, hili jina la Airfryer lilikuja na kampuni ya Philips mwaka 2010 na ndo limetuganda mdomoni.

Turudi kwenye neno lenyewe. Kaanga ni la kibantu kabisa, halijakopwa popote. Wakikuyu wanasema karanga, Waganda kalanga, sisi ile sauti ya katikati ilishadondoka zamani tukabaki na a mbili, ndo maana lazima uandike zote mbili, ukiandika moja unapata kanga ambayo ni ndege au nguo (na hili nalo linanikera ila tuliache). Sasa chukua karanga, zile za kula. Unazimwaga kwenye kikaango kikavu, unageuza geuza mpaka maganda yaanze kupasuka, hakuna hata tone la mafuta, na bado kila mtu anasema anakaanga. Kahawa pia inakaangwa kavu. Kwa hiyo mafuta hayajawahi kuwa sharti, Kiswahili chenyewe kinaangalia moto unakifikiaje chakula: ukipitia kwenye maji ni kuchemsha, makaa wazi ni kuchoma au kubanika, ukipitia kwenye chombo cha moto au mafuta yaliyomo ndani yake ni kukaanga, na joto likikizunguka pande zote ndani ya kitu kilichofungwa ni kuoka.

Mtasema huu ni ubishi wa maneno tu. Mara ya kwanza na mimi niliamini jina, nikakoroga rojo la unga kama la kukaangia kwenye karai, nikachovya vipande nikavipanga kwenye kikapu. Mafuta ya nyuzi 180 yanalikamata rojo pale pale linaganda, hewa haina huo ubavu hata ukiipeleka nyuzi 200, basi rojo likaanza kudondoka kwenye matundu kabla halijashika na nikatoa vipande vya tango vitupu vyenye ndevu za unga chini. Matango ya siki ya kukaanga ya Atkins, mji wa jimbo la Arkansas huko Marekani, kule yanakosemwa yalianzia kuuzwa mwaka 1963, yanazama kwenye mafuta, ndo maana rojo linayakubali. Yale yamekaangwa kweli.

Ukishakubali kwamba unaoka, unafikiria kivingine. Tango ni maji, zaidi ya asilimia 90, na pakiwa na maji juu yake joto la pale halivuki nyuzi 100 kwa hiyo rangi ya kahawia utaisubiri sana. Unayakausha kwanza kwa tishu, tena uyakandamize, afu unga mkavu, yai, chenga za mkate, halafu unapulizia mafuta kidogo (ndio, mafuta) maana chenga kavu zikipigwa na hewa tupu zinabaki nyeupe kama vumbi. Vipande visilaliane. Nyuzi 200, dakika 8 hadi 10 hivi, katikati unageuza.

Kwa hiyo wewe uliyesema umekaanga sikugombezi, sema tu umeoka, matango yatakuwa matamu vile vile. Na wewe unayemsahihisha kwa hoja ya mafuta, kamuulize kwanza anayekaanga karanga.