Yanayosemwa dirishani kuhusu jiu-jitsu yetu

Chumba chetu cha mazoezi ya jiu-jitsu, mchezo wa Kibrazili wa kushikana, kukabana na kukunjana viungo, kipo Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kabla hatujakipanga kilikuwa ghala la mchele. Kina dirisha moja kubwa la nondo linalotazama barabara, na kila Jumanne na Alhamisi jioni dirishani huwa na watu wengi kuliko ndani. Mbele hukaa watoto, wamening'inia kwenye nondo. Nyuma yao ni bodaboda wanaosubiri abiria, mama muuza mahindi ya kuchoma, na mzee mmoja wa kanzu aendaye msikitini, ambaye husimama dakika moja, anatikisa kichwa, anaendelea na safari yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka 41, mkanda mweupe wenye mistari mitatu, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Sijawahi kushindana popote na sina mpango huo. Ila kibanda changu kiko jirani, kwa hiyo kila linalosemwa dirishani jioni hunifuata asubuhi, mteja akiwa amesimama napima kiuno chake. Nimeyasikia hadi nimeyakariri.

"Hao wanafundishana roba"

Hili ndilo la kwanza, na kwa macho tu halina ubishi. Mtu kamganda mwenzake mgongoni, mkono umepita shingoni, mwenye shingo kaiva uso. Mtaani kwetu kila mmoja ama amepigwa roba ama anamjua aliyepigwa: simu imekwenda, hela imekwenda, na koo linauma wiki nzima hata uji haupiti. Sasa umwone mtu anafanya jambo lilelile taratibu, mwalimu kasimama pembeni anamwambia "kaza kiwiko, usiharakishe". Utafikiri nini?

Angalia mkono unakaa wapi. Kibaka hubana koo kwa mbele, penye kongomeo, kwa mfupa wa mkono. Anakata pumzi, na anaweza kuvunja kitu humo ndani. Kabali tunayofundishwa hailitaki koo. Kona ya kiwiko hukaa chini ya kidevu na koo hubaki kwenye uwazi wake. Kinachobanwa ni pande mbili za shingo, inakopita mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani. Pumzi unavuta kama kawaida, damu ndiyo haipandi. Aliyebanwa sawasawa huzimika ndani ya sekunde kama 10, na akiachiwa papo hapo huzinduka baada ya sekunde chache. Asipoachiwa, hiyo ni habari ya msiba. Ndiyo maana watoto wetu wadogo hawafundishwi kabali hata waombe vipi, na ndiyo maana wewe unayesoma hapa usiende kuijaribu sebuleni kwa shemeji yako.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho mtu wa dirishani hakioni: anayekabwa ndiye anayeamua mwisho. Akigonga mara mbili, iwe kwenye mwili wa mwenzake au sakafuni, au akisema kwa mdomo kama mikono imenaswa, kila kitu kinaachiwa. Hakuna "ngoja kidogo". Kibaka hana utaratibu huo.

Roba ina ndugu yake wa upande wa pili, nayo ni imani ya vijana wanaojiunga ili vibaka wawakome. Mchezo huu hauna ngumi wala teke. Anayefanya huu peke yake hajazoea kupigwa usoni. Na kulala na mtu mmoja kwenye kokoto huku wenzake wawili wamesimama juu yako, sidhani kama kuna jina jingine zaidi ya ujinga. Akitoa kisu, mpe simu. Unachopata ni kwamba ukishikwa hupapatiki, unajua kujichomoa na kusimama, kisha unakimbia. Mbio tunafanya pia, kabla ya kuanza.

"Kagonga tena! Tano!"

Watoto wa dirishani huhesabu. Fundi akigonga wanashangilia kana kwamba ni goli la ugenini, na idadi inatangazwa mpaka kwa mama wa mahindi. Kwao kugonga ni kushindwa, na kushindwa mara tano kwa jioni moja ni aibu ya mtu mzima.

Nami niliamini hivyo. Mwezi wangu wa pili kijana mmoja wa bodaboda, miaka 19, umri wa kifungua mimba wangu, alinishika kola ya gi, vazi letu la mazoezi, kwa mikono miwili iliyopishana, akavuta viwiko nje. Nikasikia "Fundi! Fundi!" kutoka dirishani, nikasema moyoni, leo sigongi. Kilichofuata ni mlio wa cherehani, kwa mbali, kama mtu anashona chumba cha pili. Nilipofumbua macho nilikuwa natazama mabati, mwalimu kaniinua miguu, nami nikamuuliza, "Hii nguo ni ya nani?" Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alinikalisha pembeni jioni yote, na maneno yake yalikuwa haya tu: "Fundi, humu hakuna aliyelipa kiingilio kukutazama wewe."

Wengi ninaowaona wakitoka na kiwiko kilichofungwa bandeji ni waliochelewa kugonga. Kiwiko angalau hukuonya, unasikia kinavutwa. Goti ni jambo jingine: ukipindwa kisigino, kano za goti zinaweza kuchanika kabla maumivu hayajakufikia, na ndiyo sababu kwenye mashindano ya gi ya IBJJF, shirikisho kubwa la mchezo huu, kupinda kisigino hakuruhusiwi kwa mkanda wowote. Ubishi wenyewe una historia ndefu. Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Mbrazili Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura. Kimura akaukunja mkono wake nyuma ya mgongo, Hélio akakataa kugonga, mkono ukavunjika, na pambano likasimamishwa na watu wa upande wake. Mkunjo ule leo unaitwa kimura. Mshindi alipewa heshima ya jina, mbishi akapewa bandeji.

Siku hizi nikiwa na mtu mpya nagonga hata mapema kuliko inavyotakiwa. Rekodi yangu ya dirishani ni kumi na moja.

"Si ni karate tu hii?"

Karate hapana. Judo ndiyo, ni mtu na mdogo wake. Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na miaka ile nje ya Japani wengi waliendelea kuiita jiu-jitsu. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, mwaka uleule reli ya kati ilipofika hapa Kigoma. Akaja kukaa Belém, mji wa bandari huko kaskazini, kwenye maji ya mto Amazon. Carlos Gracie, kaka yake Hélio, alijifunza kwake, na mwaka 1925 akafungua shule Rio. Kwa hiyo jina limebaki la kizamani na mchezo umekwenda njia yake: judo ilisisitiza kuangusha, Wabrazili wakazama kwenye yale yanayotokea baada ya kuanguka. Kwenye judo ukimwangusha mtu chali kwa nguvu na ustadi umemaliza. Kwetu umepata pointi 2 na kazi ndiyo inaanza. Ukipita miguu yake ni 3, ukimkalia juu au ukimdhibiti mgongoni ni 4.

Mimi tofauti ya karate naijua kwa sindano. Watu huokota nguo za karate kwenye mitumba, bei poa, wanakuja nazo mazoezini. Kitambaa chepesi kama cha shuka. Raundi ya kwanza kwapa linafunguka, ya pili mgongo. Gi ya kwetu imefumwa nene, yenye vipele kama punje za mchele, na kola yake ngumu haipindiki, maana hiyo kola ndiyo mpini. Kuiwekea kiraka nabadilisha sindano, namba 18, uzi wa mabegi, na bado cherehani inalalamika.

"Nguvu haina kazi, ni ufundi tu"

Hili halitoki dirishani. Linatoka ndani, kwetu sisi wenyewe, na ndilo uongo tunaoupenda zaidi. Kila mtu atakutajia Royce Gracie, mtu wa kilo 80 hivi, alivyowagongesha wakubwa kwenye UFC ya kwanza, mashindano ya kupigana ya watu wa michezo mbalimbali, Denver, Novemba 1993. Ni kweli. Ila wale wakubwa hawakuujua mchezo wake. Wanapoujua wote wawili, kilo zinarudi kazini. IBJJF ina madaraja tisa ya uzito kwa wanaume watu wazima wenye gi, la chini mwisho kilo 57.5, la juu zaidi ya 100.5. Kama uzito usingekuwa kitu, mizani ingekuwa ya nini?

Sisi tunalijua hilo kwa kutazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, na wiki hiyo wanaingia mazoezini watatu au wanne kutoka Kibirizi. Mmoja hajamaliza hata mbinu kumi, kwa sababu anakuja wiki moja kwa mwezi. Lakini akikushika mkono wa gi, umeshikwa na mtu anayevuta nyavu tangu utotoni. Nimefundishwa njia nne za kuutoa mkono pale. Kwa wengine zinafanya kazi. Kwake nasubiri mwezi upungue.

"Mwalimu wenu si mkanda mweusi, mnaibiwa"

Mikanda ya watu wazima ni mitano: mweupe, bluu, zambarau, kahawia, mweusi. Kwa kanuni za IBJJF huwezi kuvaa bluu kabla ya miaka 16, na mweusi kabla ya 19. Kati yake kuna kusubiri: miaka miwili kwenye bluu, mwaka mmoja na nusu kwenye zambarau, mmoja kwenye kahawia, na hicho ni kiwango cha chini. Mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto humchukua kama miaka kumi kufika mweusi, akifika. Ukisubiri mkanda mweusi ahamie kila mji ndipo uanze, utazeeka unasubiri. Wetu ni zambarau, alijifunzia Dar es Salaam, na hajawahi kujiita kingine. Hatoi mikanda kwa mamlaka yake. Anasubiri aliye juu yake aje atuone. Wa kumwogopa ni yule anayekuuzia rangi. Mkanda mimi nashona kwa dakika 40, rangi utakayo.

"Wanaume na wanawake, mnaviringishanaje?"

Aliniuliza yule mzee wa kanzu, alipoleta kanzu ipunguzwe pindo. Nilikuwa nimemwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, akauliza. Nikamwambia hiyo si dhana potofu, mzee wangu, hilo ni swali. Hakuna kanuni ya mchezo inayomlazimisha mtu kushikana na asiyetaka kushikana naye. Akina dada wana Jumamosi asubuhi, peke yao, dirisha likiwa limezibwa kwa turubai, na wengi wao hawaji siku nyingine. Wawili huja na Jumanne pia kwa hiari yao. "Turubai mnafunga vizuri?" akauliza. Nikamwambia nimelishona mimi. Akalipia kanzu yake.

"Mtaambukizana vipele"

Hapo dirisha linasema kweli. Kumi na wawili wanaotoka jasho kwenye mikeka ileile, ngozi kwa ngozi, wakishikana kola ambazo mwingine hajazifua tangu Alhamisi: choa hupenda sana mahali kama hapo, na bakteria wa majipu nao. Tunapiga deki kwa maji ya jiki kabla na baada, kucha zinakatwa, hakuna kukanyaga mkeka ukitoka chooni peku, na gi inafuliwa kila ukiivaa, hata kama maji ya bomba hayajatoka siku tatu. Bado hutokea.

Mwaka huu ilitokea kwangu. Duara jekundu kwenye mkono, ukingo wake umeinuka, katikati panaanza kusafika. Nilidhani nimeungua pasi. Mwalimu aliutazama mkono mara moja, akanionyesha mlango. Dawa ya kupaka asubuhi na jioni, na kutogusa mkeka hadi paishe kabisa. Kwangu zilikuwa wiki tatu.

Jioni ya kwanza nilifunga kibanda, nikajikuta nimesimama dirishani, nyuma ya watoto, mahindi mkononi. Kutokea kule hakuonekani chochote. Kiwiko hukioni, kongomeo hulioni, unaona miguu minne na mtu anayekabwa. Kijana wa bodaboda alimzunguka mvuvi, mkono ukapita shingoni, na yule mvuvi akatulia kimya. Mtoto mmoja akageuka akaniuliza, "Fundi, anamuua?"

Mvuvi akagonga. "Moja," nikasema, na wenzangu wakaitikia.