Laini mbili za intaneti hazijumlishi kasi
Baadhi ya wenye nyumba za wageni Paje na Nungwi huamini kuwa faiawoli (kifaa kinacholinda na kuongoza mtandao) yenye laini mbili, ya megabiti 20 kwa sekunde na ya 30, humpa mgeni 50. Sivyo. Faiawoli hugawa miunganisho kati ya laini hizo. Faili moja likipakuliwa kwa muunganisho mmoja hupita laini moja tu. Faida huonekana wageni wakiwa wengi. Weka uzito (mgawo wa miunganisho kwa kila laini) 2 kwa 3, na kila mteja abaki kwenye laini yake, la sivyo tovuti ya benki huweza kumtoa kwenye akaunti yake, anwani yake ya intaneti ikibadilika.

Kubwa zaidi ni kipimo cha uhai, yaani jinsi faiawoli inavyojua kama laini bado inafanya kazi. Usipime ruta iliyo ukutani: hujibu hata waya wa nje ukikatika, na faiawoli haitahamia laini nyingine. Pima anwani zilizo nje kwenye intaneti: 1.1.1.1 (ya Cloudflare) kupitia laini ya kwanza, 8.8.8.8 (ya Google) kupitia ya pili.