Je, wajua kwa nini asilimia ya alfa kwenye pakiti ya hopsi haikuambii bia itanukiaje?

Ukishika pakiti za hopsi kutoka Poland, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kitu cha kwanza utakachokiona baada ya jina la aina yake ni namba: asilimia ya asidi za alfa, zinazohusika na uchungu. Lubelski: alfa asilimia 4. Sybilla: 7. Marynka: 10. Iunga huipita hata Marynka. Namba hizi hubadilika kidogo kila msimu wa mavuno, lakini mpangilio wake ni huohuo.

Nilipoanza kupika bia nyumbani nilizisoma namba hizo kama makali ya pilipili. Ndogo ni hafifu, kubwa ni kali, na anayetaka bia inayonukia achague kubwa. Nilitaka pale ale, yaani bia ya rangi ya dhahabu ambayo hopsi ndizo zinazoongoza ladha yake, na nilitaka ijae harufu. Basi nikachukua gramu 40 za Marynka kwa lita 20, nikazitia mara tu sufuria ilipoanza kutokota, nikazichemsha saa nzima ili zitoe kila kitu. Jikoni palinukia vizuri ajabu: maua, majani makavu, kitu kama maganda ya limau. Wiki kadhaa baadaye nikafungua chupa ya kwanza. Uchungu ulishika ulimi mpaka nyuma ya koo, na ile harufu ya jikoni haikuwemo kabisa.

Makosa yalikuwa mawili na yalishikana. La kwanza, nilidhani uchungu na harufu ni kitu kimoja chenye viwango tofauti. La pili, nilidhani kuchemsha ni kukamua, kwamba kadiri unavyochemsha ndivyo unavyopata zaidi. Watu wengi wanaoanza hubeba dhana hizi mbili, na ndizo zinazowafanya waidharau Lubelski yenye asilimia 4 kwa kuiona nyonge.

Hopsi ni maua ya kike ya mmea unaotambaa, *Humulus lupulus*, ambao uko ukoo mmoja na bangi. Poland huzilima zaidi mkoa wa Lublin, mashariki mwa nchi, na ni ya tatu kwa uzalishaji katika Umoja wa Ulaya baada ya Ujerumani na Ucheki. Aina nyingi za kisasa zimezalishwa na taasisi ya kilimo iliyoko Puławy, inayojulikana kwa kifupi IUNG. Jina la Iunga limetoka hapo moja kwa moja. Lubelski ni ya zamani zaidi, na ni jamaa wa karibu wa Saaz, hopsi maarufu ya Ucheki.

Chana ua moja la hopsi katikati, kwa kucha tu. Chini ya kila jani dogo, karibu na kikonyo, utaona vumbi la njano linalonata vidoleni. Hiyo ndiyo lupulini, na ndani yake mna mali mbili tofauti zinazokaa chumba kimoja. Moja ni utomvu wenye asidi za alfa. Ya pili ni mafuta yanayonukia. Namba ya kwenye pakiti inapima ile ya kwanza tu. Kuhusu mafuta haisemi lolote: si wingi wake, wala ni ya aina gani.

Na hata hiyo inayopimwa, bado si uchungu. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Asidi za alfa zenyewe haziyeyuki vizuri kwenye maji ya kimea, yaani yale maji matamu ya nafaka iliyooteshwa yatakayogeuka bia. Ukizitia kwenye maji yaliyopoa, sehemu kubwa itabaki imeng'ang'ania majani, au itashuka chini pamoja na chachu. Ili zikae ndani ya bia na kuitia uchungu, ni lazima kwanza zibadilike umbo, na kinachozibadilisha ni moto.

Fikiria watoto sita walioshikana mikono wakafanya duara. Huo ndio moyo wa asidi ya alfa: duara la kaboni sita. Sasa mtikisiko unazidi, wanasukumana, na mtoto mmoja anatupwa nje ya duara. Haondoki. Amebaki ameshikwa mkono mmoja na mwenzake, huku wale watano wakisogeleana na kuziba pengo. Ukihesabu, watoto ni walewale sita. Hakuna aliyeongezwa wala aliyepotea. Lakini umbo ni jipya: duara la watano, na mmoja ananing'inia pembeni. Umbo hili jipya ndilo asidi ya iso-alfa. Linashikamana na maji kuliko la kwanza, kwa hiyo linayeyuka, linabaki, na ulimi unaliona. Uchungu tunaouonja kwenye bia kwa sehemu kubwa ni kazi ya duara hilo lililopungua mtoto mmoja.

Mtikisiko ule ndio joto, na wanaosukumwa hawatoki wote kwa mpigo. Baada ya dakika 5 za kuchemka ni wachache waliobadilika, baada ya 15 wameongezeka, na baada ya 60 tunakaribia kikomo. Wapikaji wa nyumbani wengi hutumia fomula ya Glenn Tinseth kukadiria jambo hili. Kwa maji ya kimea yenye uzito wa 1.050 yakilinganishwa na maji matupu, fomula hiyo inasema alfa inayoishia kwenye bia kama uchungu ni takribani asilimia 23 kwa saa nzima, 11 kwa robo saa, na chini kidogo ya 5 kwa dakika tano. Maana yake ni kwamba hata mwenye subira ya saa nzima haambulii zaidi ya robo ya alfa aliyoinunua. Haya ni makadirio: sufuria pana, hopsi zilizokaa muda mrefu kwenye joto, au maji ya kimea mazito zaidi yatabadilisha hesabu. Ila uwiano wake unaaminika kiasi cha kupangia mapishi.

Joto nalo lina ukali wake. Likishuka kutoka nyuzi 100 hadi 90, kasi ya mabadiliko inakuwa chini ya nusu. Kwenye nyuzi 80 inabaki kama moja ya sita. Ndiyo maana anayepika juu mlimani, ambako maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, hupata uchungu mdogo kwa hopsi zilezile na muda uleule.

Mafuta ya harufu yanakwenda njia iliyo kinyume kabisa. Mengi hayahitaji kubadilishwa na moto ili yanukie. Yako tayari tangu ua linachumwa, na moto unachofanya ni kuyafukuza. Hapa pana jambo la ajabu. Mirsini, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta ya hopsi nyingi, huchemka kwenye nyuzi 167 hivi. Sufuria yako haizidi nyuzi 100 na kidogo. Kwa akili ya kawaida, mafuta hayo yangepaswa kutulia mle ndani bila wasiwasi. Lakini mvuke wa maji unapopanda huyabeba, kama lori linalopita barabarani na kuchukua watu ambao wasingeweza kutembea safari hiyo kwa miguu. Hivyo ndivyo viwanda vya manukato vinavyokamua mafuta ya maua kwa mvuke, isipokuwa wao hukinga ule mvuke na mpika bia huuacha utoke dirishani. Ile harufu iliyojaa jikoni kwangu siku ile ndiyo hasa niliyokuwa nikiitafuta kwenye chupa.

Sasa rudi kwenye namba. Kwa lita 20, gramu 20 za Marynka ya asilimia 10 zikichemshwa saa nzima zinaleta uchungu wa IBU 23 hivi, na IBU moja ni kama miligramu moja ya iso-alfa ndani ya lita moja. Gramu 50 za Lubelski ya asilimia 4, kwa muda uleule, zinaleta 23 ileile. Asilimia inakuambia upime gramu ngapi kupata uchungu unaoutaka, basi. Marynka inafanya kazi hiyo kwa majani machache, na machache yana faida yake, kwani majani mengi yakichemka muda mrefu huacha ladha ya nyasi na hunywa bia yako.

Ubora wa Lubelski uko kwenye mafuta. Ina farnesini, mojawapo ya mafuta hayo, nyingi kuliko hopsi nyingi duniani, tabia ambayo ukoo wa Saaz unajulikana nayo, na watu huielezea kwa maneno ya maua: magnolia, lavenda, na viungo kwa mbali. Ni harufu ya upole. Anayetafuta embe na pasheni zinazopiga kelele kama zile za hopsi za Marekani hatazipata hapa, na ningemshauri asizilazimishe.

Kuna wanaosema hopsi za namna hii ni za lager tu, zile bia zinazochachushwa kwenye baridi, wala si za ale. Poland yenyewe inapinga. Mji wa Grodzisk Wielkopolski ulipika kwa karne nyingi bia ya grodziskie, ya kimea cha ngano kilichofukizwa kwa moshi wa mwaloni, nyepesi kwa kileo, na inayochachushwa kwa chachu ya ale. Hopsi zake zilikuwa za humohumo Poland. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1993 na baadaye ukafufuliwa. Hopsi hizi hazijawahi kuwa mgeni kwenye ale.

Kwa hiyo mapishi yangu ya pale ale ya Poland yamekuja kugawanya kazi. Kwa lita 20, kilo 4.5 za kimea cheupe cha shayiri na gramu 200 za kimea cha karameli. Gramu 20 za Marynka zinaingia mwanzo wa kuchemsha, na hizo ndizo uti wa mgongo: IBU 23. Zikibaki dakika 15 naongeza gramu 25 za Sybilla ya asilimia 7, zinazoleta IBU 10 na kuacha ladha ya viungo katikati ya ulimi. Kisha nazima moto, napoza hadi nyuzi 80, natia gramu 50 za Lubelski, nafunika, nasubiri dakika 20. Uchungu wake hapo ni IBU 3 tu, kwa sababu watoto hawasukumwi kwa nguvu, na kifuniko kinazuia lori lisiondoke na abiria. Chachu ni ya ale isiyo na makeke, kwenye nyuzi 18 hadi 20. Uchachukaji ukikaribia kuisha naongeza gramu 50 nyingine za Lubelski moja kwa moja kwenye bia iliyopoa, siku tatu.

Kuhusu hizo za mwisho, husemwa kwamba hopsi zinazotiwa kwenye bia baridi haziongezi uchungu hata chembe. Si kweli kabisa. Asidi za alfa zinapokutana na hewa wakati wa kukaushwa na kuhifadhiwa, sehemu yake hugeuka humulinoni, ambazo huyeyuka bila moto na zina uchungu wao, ingawa hafifu kuliko iso-alfa. Kwa gramu 50 za hopsi yenye alfa ndogo hutaigundua tofauti. Kwa gramu 200 za hopsi kali, huenda ukaigundua. Chachu nayo hugeuza baadhi ya mafuta kuwa mengine, kwa mfano geranioli kuwa sitroneloli, ila ni kwa kiasi gani jambo hilo hufika puani kwa mnywaji hutegemea sana chachu na hopsi zenyewe, na singepanga mapishi kwa kulitegemea.

Ukishaijaza, chagua chupa ya kahawia. Mwanga unaopita kwenye chupa nyeupe au ya kijani unamfikia yule mtoto wa sita anayening'inia nje ya duara, na mkono wake unaachia. Kipande kinachotoka hukutana na salfa kidogo iliyomo kwenye bia, na matokeo yake yananuka kama kicheche. Pua ya binadamu huinasa harufu hiyo hata ikiwa chembe chache mno. Ilinichukua alasiri moja ya kusahau chupa dirishani kulijua hili, na Lubelski yote niliyoitunza kwa nyuzi 80 haikusikika tena chini yake.